Nani Anammiliki Shujaa? Mamluki Mstaafu katika Sinema na Hadithi Zetu

Mbalamwezi inapokuwa kali, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hubaki nchi kavu, kwa sababu taa zao haziwezi kushindana na mwezi. Siku hizo nyavu hushonwa, mitumbwi hutiwa viraka, na vibanda vya video vilivyo kando ya mialo hujaa watu tangu adhuhuri. Ni katika kibanda kimoja cha namna hiyo, si mbali na mji wa Mwanza, ambamo tulipata kuitazama tena sinema iitwayo The Wild Geese, iliyotolewa mwaka 1978. Msimulizi alikaa mbele na kipaza sauti chake, akawapunguzia Waingereza sauti, akawapa Kiswahili cha ziwani. Kanali Faulkner, anayeigizwa na Richard Burton, alimwita Komando Mzee. Ndege ilipowaacha askari nyikani, kibanda kizima kiliguna. Na mwishoni mwenye benki alipouawa, watu walipiga makofi.

Tulipotoka nje tulimwuliza kijana mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa amekaa karibu nasi, watu wale walikuwa ni nani. "Makomando, mzee," alijibu. Tukamwambia kwamba kwa Kiswahili watu wa kazi ile huitwa mamluki. Kijana akacheka. "Mamluki si wale wa UMISSETA, mzee? Shule ikiona itafungwa, inakwenda kuazima mchezaji wa mtaani, inamvalisha jezi."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Katika mzaha wake kijana yule alikuwa amekwisha sema jambo ambalo sinema ya saa mbili na zaidi ilikuwa imejitahidi kulificha. Mchezaji mamluki hukimbia vizuri, pengine kuwashinda wenzake wote, lakini kila mtazamaji anajua kwamba goli atakalofunga si la shule ile. Swali la kwanza tunalomwuliza ni nani aliyemleta, na kama ni hodari ama si hodari huja baadaye. Kusudi letu ni kuitazama sinema hii, pamoja na hadithi za aina yake zisomwazo na vijana wetu, kwa jicho la swali hilo moja: nani anammiliki shujaa?

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Mamluki ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni yule anayemilikiwa. Ni ndugu wa maneno yetu mengine: kumiliki, milki, mamlaka, hata malkia. Katika Misri ya zamani Wamamluki walikuwa watumwa walionunuliwa wangali vijana, wakafunzwa vita na kufanywa askari wa watawala. Mwaka 1250 askari hao wakaitwaa dola wenyewe, wakaitawala hadi 1517. Kiswahili hakikujali sana habari za enzi yao. Kilichobaki katika neno letu ni kule kununuliwa. Kiingereza na Kifaransa humwita mtu huyu kwa jina linalotokana na ujira wake, kana kwamba jambo kubwa ni kile anachopata. Lugha yetu inatuelekeza kwa aliyetoa fedha. Kwa hiyo mwanafunzi anayelijua neno hili vizuri ana chombo cha uhakiki mkononi kabla hata hajafungua kitabu.

Sasa tuitazame hadithi. Kanali Faulkner ni askari wa zamani wa Uingereza ambaye amekuwa mamluki, amezeeka, na pombe imemzoea. Tajiri mmoja wa London, Sir Edward Matherson, anamwita na kumpa kazi: akamwokoe Julius Limbani, rais aliyepinduliwa katika nchi moja ya Afrika ya Kati, ambaye dunia inadhani amekwisha kufa lakini Jenerali Ndofa amemweka kizuizini. Faulkner anamwendea rafiki yake Rafer Janders, anayeigizwa na Richard Harris. Janders ameiacha kazi ile. Anaishi na mwanawe mdogo, na wamekwisha panga namna watakavyokwenda kupumzika pamoja wakati wa Krismasi. Hata hivyo anakubali, kwa kuwa anaambiwa kwamba Limbani ni mtu mwema na safari hii vita ni vya haki. Mamluki hamsini wanaruka kwa miavuli, wanamtoa Limbani, wanafika mahali pa kuchukuliwa. Na hapo ndege inayokuja inageuka na kuwaacha. Kule London tajiri amekwisha patana na Ndofa kuhusu machimbo ya shaba, hamhitaji tena Limbani, wala hana haja na mashahidi.

Tusiionee sinema hii. Mwongozaji wake, Andrew McLaglen, anaijua kazi ya kusimulia. Sehemu ya mazoezi, ambapo wanaume wenye vitambi na magoti mabovu wanakimbizwa na sajini wao, ina kicheko na huzuni kwa pamoja, nasi tunaanza kuwapenda watu hao tukijua kwamba wengi wao hawatarudi. Janders ni mhusika aliyechorwa kwa uangalifu: katika uso wa Harris tunaona mtu anayejua kwamba anadanganywa na bado anakwenda, kwa kuwa utulivu haukumtosha. Wasanii wakubwa wawili wa Afrika Kusini wamo pia, John Kani na Winston Ntshona, ambao mwaka 1975 walitunukiwa tuzo ya Tony nchini Marekani kwa tamthilia walizozitunga pamoja na Athol Fugard. Ntshona ndiye Limbani, na kila anapofungua kinywa sinema inapata uzito ambao risasi hazikuweza kuipa. Zaidi ya hayo, tukio la ndege kugeuka ni kweli tupu. Pale ndipo sinema inapokaribia kusema maana ya neno mamluki: watu hodari hamsini, wenye silaha na nidhamu, wamefutwa kwa mapatano ya chumbani, kama mfanyabiashara afutavyo hesabu isiyolipa.

Lakini baada ya kuufikia ukweli huo, sinema inaukimbia. Tutataja mambo manne.

Jambo la kwanza ni jina Simba. Askari wa Ndofa wanaowawinda mamluki katika sinema huitwa Simba, na hilo ni neno letu. Katika historia ya kweli, Simba walikuwa waasi wa mashariki ya Kongo ambao mwaka 1964 waliteka eneo kubwa, pamoja na mji wa Stanleyville, unaoitwa leo Kisangani. Wengi wao walisema Kiswahili. Walipigana na serikali ya Léopoldville, na serikali hiyo ndiyo iliyokodi mamluki, chini ya waziri mkuu Moïse Tshombe. Hatusemi kwamba Simba walikuwa malaika. Walishika mateka, wakaua watu wasio na silaha, na historia imeyaandika hayo. Tunachosema ni kwamba sinema imeipindua picha: Simba wamefanywa kuwa jeshi la dikteta, na mamluki wamefanywa kuwa waokozi wa rais mwema. Kijana asiyeijua historia ya jirani zake huondoka kibandani akiwa amefundishwa kinyume chake, tena kwa neno la lugha yake mwenyewe.

Jambo la pili ni vifo. Kabla ya kumtoa Limbani, mamluki wanaingia katika mabweni ya askari usiku na kuwapulizia gesi ya sumu wakiwa wamelala. Sinema inapita hapo upesi, kama mtu apitavyo kwenye dimbwi. Anapokufa Janders tunapewa muda wa kutosha wa kulia, na jina la mwanawe tunalijua. Wale waliokufa usingizini hawana majina, wala hatuonyeshwi kama nao walikuwa na watoto waliokuwa wakiwangojea. Msanii ana haki ya kuchagua msiba wa kuuonyesha, lakini mhakiki ana haki ya kuhesabu misiba aliyoiacha.

Jambo la tatu ni Limbani mwenyewe. Jina lake la kwanza ni Julius, na Mtanzania hawezi kulisikia jina hilo la rais katika hadithi ya Afrika bila kutega sikio. Limbani anasema maneno ya busara kuhusu weupe na weusi kusameheana na kuhitajiana. Anamwambia hayo Coetzee, Kaburu anayetaka fedha ili akanunue shamba kwao, na Coetzee anaanza kubadilika. Mazungumzo hayo ni mazuri. Hata hivyo yatazame mahali yanapofanyika: Limbani yuko mgongoni mwa Coetzee, anabebwa kama mzigo. Kiongozi wa nchi hana analotenda katika hadithi inayohusu nchi yake. Anaokolewa, anabebwa, anajeruhiwa, anafariki. Watu wake tunawaona wakikusanyika, lakini hatuondoki na jina la hata mmoja wao. Isitoshe, sinema hii inayosifu kusameheana kwa rangi ilipigwa mwaka 1977 nchini Afrika Kusini, wakati sheria za ubaguzi zilipokuwa na nguvu zake zote.

Jambo la nne ni mwisho. Faulkner anarudi London, anaingia nyumbani kwa Matherson, anachukua fedha na kumwua. Hapo ndipo kibanda chetu kilipopiga makofi, nasi hatuwalaumu waliopiga. Dhuluma inapolipwa, moyo hupoa. Lakini baada ya makofi tujiulize kilichobadilika. Ndofa bado anatawala. Shaba bado iko katika mkataba. Matherson alikuwa mtu mmoja, na kiti chake kitakaliwa na mwingine kabla ya juma kwisha. Sinema imetufanya tumchukie mnunuzi mmoja, ili tusiutazame ununuzi wenyewe. Wahenga walisema: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Hadithi hii imemwua kunguru mmoja ikadhani imemaliza habari ya panzi.

Ulimwengu wa kweli uliiandika upya hadithi hii miaka mitatu baadaye, na tunashangaa kwamba habari hizo hazifundishwi shuleni. Mshauri wa mambo ya kijeshi wa sinema hii alikuwa Mike Hoare, ambaye mwaka 1964 na 1965 aliongoza mamluki wa Tshombe nchini Kongo. Watu wake ndio waliopigana mwaka 1965 kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Kigoma yetu, dhidi ya wapiganaji waliokuwa pamoja na Che Guevara. Jina la sinema nalo lilitokana na kikosi chake: Hoare aliwaita watu wake mabata bukini wa mwituni, kwa kuwakumbuka askari wa Ireland waliokwenda zamani kuwatumikia wafalme wa nchi nyingine. Baada ya Kongo alistaafu na kuishi Afrika Kusini. Kwa hiyo, wakati sinema inatengenezwa, huyu ndiye aliyekuwa mamluki mstaafu wa kweli.

Tarehe 25 Novemba 1981, akiwa na umri wa miaka 62, Hoare alishuka kwenye uwanja wa ndege wa Mahé, Shelisheli, pamoja na watu zaidi ya arobaini. Walijifanya wanachama wa klabu ya wanywa bia waliokuja kutalii, na katika mikoba yao walitia vitu vya kuchezea watoto. Chini yake zilikuwa bunduki. Njama ilikuwa kumpindua Rais France-Albert René, ambaye serikali yake ilikuwa rafiki wa Tanzania. Wengi wao walikwisha pita ukaguzi, hata afisa mmoja wa forodha akafungua mkoba wa mmoja wa waliobaki nyuma na kukuta silaha. Mapigano yakazuka hapohapo uwanjani. Mamluki waliiteka ndege ya Air India iliyokuwa imetua, wakakimbilia Durban, wakawaacha baadhi ya wenzao. Mwaka 1982 Hoare alihukumiwa kifungo cha miaka kumi kwa kuteka ndege, akafunguliwa mwaka 1985. Alifariki mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 100.

Sisi tulioajiriwa katika ofisi za umma tunaombwa mara chache sana kuwa mashujaa wa hadithi. Mtunzi wa hadithi za kusisimua humwona karani wa forodha kama mtu wa kudanganywa, kuhongwa, au kupigwa kichwani ili shujaa apite. Lakini aliyeiokoa Shelisheli siku ile alikuwa mtu aliyefungua mkoba kwa sababu kazi yake ilikuwa kufungua mikoba. Hakuruka kwa mwavuli. Alikuwa katika zamu yake, akatimiza wajibu wake. Kama tungepata mwandishi wa Kiswahili atakayeandika riwaya ya njama ya mamluki akianzia kwenye meza ya forodha badala ya hoteli ya kifahari ya London, tungekuwa tumepiga hatua kubwa katika aina hii ya utunzi.

Hapa yafaa tuulize kwa nini mamluki mstaafu hurudi vitani kila mara, katika sinema na katika maisha. Watunzi hujibu kwamba vita vimo katika damu yake. Sisi tunaona jibu lingine, nalo tulijifunza hapahapa ziwani. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita vilivyofuata vilihitaji askari wengi kuliko waliokuwa jeshini. Mgambo walijiunga na jeshi: wakulima, wavuvi, vijana wa kazi mbalimbali. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilijaribu kuupiga mji wa Mwanza. Ikakosea shabaha, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama wa hifadhi. Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi, na kwa muda mrefu tuliwalilia wanyama wale kama majirani. Vita vilipokwisha, wengi wa mgambo walirudi vijijini. Wako waliorudi na majeraha, na wako waliobaki Uganda kaburini. Lakini aliyerudi alirudi mahali, kwenye shamba lililokuwa likimngoja na watu waliomjua jina la babu yake. Aliweka bunduki, akashika jembe, na hakuna tajiri aliyeweza kuja mlangoni kumwambia kwamba kuna kazi moja ya mwisho.

Hiyo ndiyo tofauti. Mgambo alistaafu kwa sababu alikuwa na pa kustaafia. Mamluki hana. Vita alivyopigana havikuwa vya kwao, basi hata ushindi haukumjengea nyumba. Janders ana mtoto na bustani, lakini hana jamii inayomwambia: baki, tunakuhitaji hapa. Sinema inamwonyesha hivyo bila kukusudia, na mwalimu akiwasaidia wanafunzi kuliona jambo hilo, watakuwa wamepata katika sinema hii zaidi ya alichokitia mwongozaji.

Fasihi yetu nayo ilikwisha jibu hadithi za namna hii, na jibu lake mashuhuri ni Willy Gamba wa Elvis Musiba. Katika Kufa na Kupona, riwaya ya mwaka 1974, kisha Kikosi cha Kisasi ya 1979 na Njama ya 1981, Musiba alichukua fani ya kigeni, yenye bastola, ndege na hoteli kubwa, akambadilisha mwenye kummiliki shujaa. Willy Gamba ni mpelelezi wa Tanzania. Anatumwa na serikali yake, na maadui zake ni wale wanaohujumu ukombozi wa Afrika. Vijana wa wakati ule walivisoma vitabu hivyo hadi kurasa zikalegea, na wengi walijifunza kupenda kusoma Kiswahili kwa njia hiyo. Wahakiki waliovidharau kwa kuviita fasihi pendwa, kana kwamba kupendwa ni kosa, hawakuvitendea haki. Musiba aliifahamu siri ambayo The Wild Geese inaikwepa: shujaa wake hakununuliwa.

Hata hivyo hatuwezi kumsifu Musiba bila kumdai. Willy Gamba anatumikia taifa maskini, lakini anaishi kama wageni aliowaiga: vinywaji vya bei, mavazi ya fahari, na wanawake wanaoingia na kutoka katika hadithi kama vyombo vya mezani. Anapofika katika mji wa Kiafrika, mara nyingi tunauona kupitia dirisha la hoteli. Mvuvi, mama ntilie, mpagazi wa bandarini, hawa hupita nyuma ya gari lake. Bwana wa shujaa amebadilishwa, lakini wasio na majina wamebaki hawana majina. Kazi hiyo Musiba aliwaachia watakaomfuata.

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya zamani. Kwamba Hoare amekufa, Amin amekufa, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikwisha pitisha mkataba wa kukomesha mamluki huko Libreville mwaka 1977. Tungependa iwe hivyo. Lakini mwaka 2004 ilitoka sinema ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapahapa Mwanza, kuhusu sangara na ndege za mizigo. Sinema hiyo ilitukera wengi, kwa kuwa iliuonyesha mji wetu kana kwamba hauna chochote ila taabu, na mwaka 2006 viongozi na wananchi waliipinga hadharani. Sisi nasi tunaona kwamba ilidokeza mengi kuhusu silaha kuliko ilivyothibitisha. Lakini kuna mtu mmoja ndani yake ambaye hatuwezi kumpinga: mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, anayelinda kwa ujira mdogo sana, ambaye anasema kwa utulivu kwamba vita vikija watu watapata kazi, kwa sababu jeshini kuna mshahara. Hakuna kelele katika sehemu hiyo, wala mlipuko. Lakini pale tunaona mamluki anavyozaliwa, jambo ambalo The Wild Geese, pamoja na mabomu yake yote, haikutuonyesha. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Na mwenye njaa huulamba wowote utakaonyoshwa.

Na si mlinzi wa sinema tu. Januari 2023 serikali yetu ilitangaza kwamba kijana Mtanzania, aliyekwenda Urusi kusoma na baadaye akafungwa gerezani huko, alikuwa ameuawa Oktoba 2022 katika vita vya Ukraine. Alikubali kujiunga na kikundi cha mamluki cha Wagner kwa ahadi kwamba angeachiwa huru. Mwili wake ulirudishwa nyumbani, ukazikwa na jamaa zake. Hatutamtaja jina, kwa kuwa msiba ni wa wenyewe. Lakini kila mwalimu anayedhani kwamba mamluki ni habari za Wazungu wenye vitambi na aitafakari habari hii. Kijana wetu hakuitwa na tajiri wa London kwenye sebule yenye mazulia. Aliitwa akiwa gerezani, na malipo yake yalikuwa uhuru wake mwenyewe. Neno letu la zamani lilikuwa limemweleza kabla hajazaliwa: yule anayemilikiwa.

Kwa hiyo tunasema nini kwa walimu na wanafunzi? Hatusemi kwamba vibanda vya video vifungwe, wala kwamba hadithi za kusisimua zitupwe. Sisi wenyewe tulilipa kiingilio, tukakaa hadi mwisho. Usanii wa msimulizi wa kibandani nao ni sehemu ya utamaduni wetu wa leo, na ungestahili makala yake. Tunachoomba ni kwamba hadithi hizi ziingizwe darasani zikaulizwe maswali. Liwe la kwanza: nani analipa, naye anataka nini? La pili: ni kina nani wanaokufa bila kupewa jina? Na la tatu: hadithi inapokwisha, nani amebaki na nchi? Mwalimu akiyaandika maswali hayo matatu ubaoni, kisha darasa likatazama The Wild Geese au likasoma Njama, wanafunzi watabishana hadi kengele, na hilo ndilo lengo la uhakiki.

Tunawaomba pia wasimulizi wa mialoni wafanye jambo moja dogo. Wanapowaita watu wale makomando, wanawavika sare wasiyostahili, kwa maana komando ni askari wa nchi fulani, mwenye kiapo. Waiteni kwa jina lao. Semeni mamluki. Kijana wa kidato cha tatu atacheka kwanza, akikumbuka timu iliyofungiwa kwa kuazima mchezaji. Kisha, kama yule wa kwetu, atauliza ni nani aliyewaleta.